Modemu iko kimya? Majibu kwa wenye kompyuta za zamani

Fundi, nina 386 (kompyuta ya zamani yenye prosesa ya 386) na modemu ya nje, ile ya kuunganisha kompyuta na laini ya simu. Nikiandika AT, amri ya kuiamsha modemu, haijibu kitu. Imekufa? (Tanga)

Usiitupe, tafadhali. Inaniuma kuona modemu nzima zikiishia jalalani kwa kosa la waya.

Anza na kompyuta yenyewe. Chomoa waya, tazama poti ya pini 9: tano juu, nne chini, na ukisogeza tochi utaona vinamba vidogo pembeni. Pini ya 2 inapokea, ya 3 inatuma. Ziunganishe hizo mbili kwa kijiwaya kilichomenywa, bila kugusa nyingine. Fungua programu ya mawasiliano, andika herufi yoyote. Ikirudi kwenye skrini, ondoa kijiwaya uandike tena. Ikipotea, poti ni nzima. Ikiendelea kuonekana, ni programu inakurudishia maneno yako, basi zima hiyo "echo" urudie jaribio.

Poti ikiwa nzima, shuku waya. Waya wa kuunganisha kompyuta mbili umevushwa ndani, na kwa nje huwezi kuutofautisha na wa modemu. Upime kwa mita. Modemu ikiwa na pini 9, ya 2 iende kwa ya 2, ya 3 kwa ya 3, ya 5 kwa ya 5. Ikiwa na pini 25, namba zinabadilika: 2 kwa 3, 3 kwa 2, na 5 kwa 7. Hapo wengi hudhani waya ni mbovu, kumbe ndio wenyewe.

Nyuma kuna poti mbili za pini 25. Nichomeke wapi?

Yenye pini zilizochomoza. Yenye matundu ni ya printa, inatumia volti 5, na modemu ikiipelekea volti 12 unaweza kuiunguza.

Modemu ikipiga simu, kipanya kinaganda.

Bila shaka kipanya kiko COM1 na modemu COM3 (COM ni majina ya poti za mawasiliano). Zote mbili hubisha hodi kwa prosesa kupitia IRQ 4, yaani njia moja ya kumwita. Hamishia modemu COM2, inayotumia IRQ 3.

Herufi zinapotea nikiongeza kasi.

Endesha MSD, programu ya Microsoft ya kukagua kompyuta, kwenye DOS, usome aina ya chipu ya UART, ile inayoendesha poti. 8250 na 16450 hushika baiti moja tu, prosesa ikichelewa inayofuata inaifuta. 16550A hushika 16. Tafuta kadi yenye hiyo, na kwa sasa shuka hadi kasi ya biti 9600 kwa sekunde.