Maji ninayokunywa safarini huenda wapi?

SWALI: Mimi ni dereva wa lori, na safari zangu ni za Dar es Salaam hadi Tunduma. Nikinywa chupa ya maji alfajiri, haipiti saa moja kabla sijatafuta pa kuchimba dawa. Lakini nikinywa chupa kama hiyo saa nane mchana, jua likiwa kali, sipati haja hadi jioni, na mkojo wenyewe huwa kidogo, wa njano iliyokolea. Utingo wangu anasema maji hukaukia tumboni. Je, ni kweli? Na kujizuia kwa muda mrefu kunaharibu figo?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Ndugu msomaji, maji hayakaukii tumboni, wala hakuna mrija unaotoka tumboni moja kwa moja hadi kwenye kibofu, ingawa wengi huamini hivyo. Maji hufyonzwa na utumbo yakaingia kwenye damu, na ni kutokana na damu hiyo figo hutengeneza mkojo.

Figo zako mbili, kila moja ikiwa na urefu wa takriban sentimita 11, zimekaa nyuma ya tumbo, kando ya uti wa mgongo. Ukiwa umetulia, karibu sehemu moja kwa tano ya damu inayosukumwa na moyo hupitia humo, yaani lita moja na ushee kila dakika. Kila figo ina vichujio vidogo mno vipatavyo milioni moja, viitwavyo nefroni, ambavyo huzuia chembe za damu na protini, lakini hupitisha maji, chumvi, sukari na taka kama urea. Kwa siku huchujwa takriban lita 180, ilhali mkojo unaotoka ni lita moja hadi mbili tu. Kazi kubwa ya figo, basi, ni kurudisha, mithili ya mtu anayetoa vyombo vyote nje siku ya usafi kisha akaingiza tena vinavyofaa: sukari karibu yote, chumvi nyingi, na maji karibu yote.

Kiasi cha maji kinachorudishwa ndicho kinachotofautisha alfajiri yako na mchana wako. Alfajiri hujatoka jasho, hivyo maji uliyokunywa huipunguzia damu ukolevu. Ubongo hulitambua hilo, hupunguza homoni inayoziamuru figo kubana maji, na mkojo hutoka mwingi na mweupe. Mchana, ndani ya kibanda cha lori chenye joto, maji hutoka kwa jasho, homoni hiyo huongezeka, na figo hurudisha kila tone linalowezekana. Rangi ya njano, ambayo chanzo chake ni chembe nyekundu za damu zilizozeeka na kuvunjwavunjwa, hubaki katika maji machache, ndiyo maana hukolea.

Mkojo hauteremki kwenye kibofu kwa uzito wake tu. Mirija miwili itokayo kwenye figo hujikamua kwa mawimbi, mara kadhaa kwa dakika, hata ukiwa umelala chali. Mirija hiyo huingia kibofuni kwa mshazari, na kibofu kinapojaa, ukuta wake huibana miisho yake ili mkojo usirudi juu. Kwa hiyo kujizuia siku moja moja, kwa mtu mzima mwenye afya, hakuharibu figo.

Wasiwasi wangu uko kwenye mazoea, hasa ya madereva wanaokunywa maji kidogo makusudi ili wasisimame njiani. Mkojo uliokolea hurahisisha chumvi kugandamana na kuwa mawe, na mkojo unaokaa muda mrefu huwapa bakteria nafasi ya kuzaliana. Kunywa kidogo kidogo njia nzima hadi mkojo uwe wa njano hafifu, isipokuwa kama daktari amekuwekea kiwango cha maji kwa sababu ya ugonjwa wa moyo au figo. Ukiona damu au povu lisiloisha kwenye mkojo, ukapata homa pamoja na maumivu ya kiunoni, au uso na miguu vikavimba, nenda hospitali upimwe mkojo, damu, shinikizo la damu na sukari.