Soketi zimejaa CLOSE-WAIT, tufanyeje?

SWALI: Shikamoo fundi. Seva yetu ya Linux hupokea taarifa za vifaa vya GPS vilivyofungwa kwenye malori. Kila baada ya siku kadhaa inakataa miunganisho mipya, na logi inalalamika kwamba faili zilizofunguliwa zimezidi. Nikipiga amri ya ss -tan, inayoorodhesha soketi (ncha za miunganisho) na hali zake, naona CLOSE-WAIT tele, na TIME-WAIT kiasi. Mwenzangu kazini anataka tuwashe tcp_tw_recycle, mpangilio wa kuziondoa haraka soketi za TIME-WAIT. Tuwashe?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Msiiwashe. Kwanza, kama kerneli yenu (kiini cha Linux) ni 4.12 au mpya zaidi, hamtaipata. Iliondolewa mwaka 2017 kwa sababu ilikuwa ikiwakatia wateja walio nyuma ya NAT moja (vifaa vingi vikitumia anwani moja ya mtandao), na laini za simu kwa kawaida ndivyo zilivyo. Pili, TIME-WAIT, yaani muunganisho uliokwisha kufungwa, mnaionea bure. Linux huiacha sekunde 60 kisha huifuta yenyewe, wala haishiki faili hata moja ya programu yenu.

Shida ni CLOSE-WAIT. Tangu waraka wa RFC 793 wa mwaka 1981, TCP (itifaki inayobeba miunganisho hii) ina hali 11, na haihami kutoka moja kwenda nyingine bila tukio: paketi imefika, muda umekwisha, au programu imetoa amri. Kwenye CLOSE-WAIT, kifaa cha lori kimetuma FIN, yaani kimeaga. Kerneli imeitikia, na sasa inasubiri jambo moja tu, programu yenu iite close. Hali hii haina kikomo cha muda. Programu isipofunga, soketi itakaa hapo mpaka programu yenyewe izimwe.

Nadhani najua kosa lilipo: recv, amri ya kusoma data, inarudisha 0, nanyi mnadhani data bado haijafika. Sifuri hiyo ni kwaheri. Fungeni soketi papo hapo.

Kisha kuna malori yanayoingia pasipo na mtandao. FIN haiji kabisa, seva inabaki ESTABLISHED, yaani inadhani muunganisho uko hai. Keepalive ya Linux (ukaguzi wa kama upande wa pili bado upo), hata mkiiwasha, isiporekebishwa husubiri sekunde 7200 kabla ya kuuliza. Saa mbili nzima! Wekeni kipima muda chenu: kama kifaa hutuma kila sekunde 30, kimya cha sekunde 90 kihesabiwe tukio, kipewe mstari wake kwenye jedwali la hali la programu yenu (orodha ya hali na matukio yanayozibadilisha). Na lori likirudi kwa muunganisho mpya kabla kipima muda cha zamani hakijalia, hakikisheni kinafunga soketi ya zamani tu. Vinginevyo ramani itaonyesha lori limepotea huku linatuma taarifa kama kawaida.