Mpini wa kisu wenye spesa: pini kwanza, gundi baadaye

Pini zinazofichwa ndani ya mpini wa vipande vingi hazishiki mpini. Mpini unashikwa na msuka, yaani ule ulimi wa chuma wa kisu unaoingia ndani ya mpini, pamoja na gundi. Pini zipo ili vipande visiteleze wakati epoksi bado mbichi, na ili uweze kuupanga mpini mzima mkavu, ukaubomoa, ukaurekebisha na kuupanga tena mara kumi, kila kipande kikirudi palepale. Fundi anayeruka hatua hiyo huligundua kosa gundi ikishakauka, na hapo dawa ni msumeno.

Tuchukue mfano wa kisu cha jikoni chenye msuka uliofichwa: unene 4 mm, upana 12 mm, urefu 90 mm. Mbele kuna noleo (kipande cha chuma kinachofunga mbele ya mpini) la shaba ya njano la 6 mm, kisha spesa (bamba jembamba la kutenganisha vipande) ya 1.6 mm, kipande cha pembe ya ng'ombe cha 10 mm, spesa nyingine ya 1.6 mm, halafu gogo la mpingo. Umbo la mwisho pale mbele litakuwa 18 mm kwa 26 mm, lakini vipande vyote vikatwe vikubwa zaidi, 25 kwa 35 hivi.

Spesa si lazima uziagize nje. Bodi ya saketi ya redio mbovu, ikiwa ni ya faibaglasi, mara nyingi ina unene wa 1.6 mm, ukiondoa shaba yake kwa msasa, pande zote mbili kama ipo kote, unapata spesa ngumu isiyonywa maji. Vaa barakoa, vumbi lake ni baya kwa mapafu. Ile karatasi ngumu ya mafundi wa kusuka mota nayo inafaa, ila hunywa unyevu na kuvimba, kwa hiyo ibaki kwa visu visivyooshwa kila siku. Plastiki ya ndoo na madumu iache kabisa. Epoksi haiishiki, hata uikwaruze vipi. Inabanduka kama ganda.

Pini nzuri kuliko zote tunazozijua kwa bei ya bure ni spoki ya baiskeli. Nyingi zina kipenyo cha 2 mm, zimenyooka na hazikunjiki ovyo. Pima kwa vernia kwanza, kwa sababu zipo nene zaidi. Kwenye shaba na faibaglasi toboa kwa biti ya 2.1 mm, kwenye mti na pembe biti ya 2 mm inatosha. Pini iingie kwa kusukumwa na kidole. Ikihitaji nyundo, siku ya gundi itakwama katikati.

Sasa mahali pa kutoboa, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Pini lazima zibaki ndani ya umbo la mwisho, si ndani ya gogo la sasa. Chora lile duara-yai la 18 kwa 26 kwanza, kisha weka pini moja juu ya msuka na moja chini yake, kila moja 9 mm kutoka katikati. Hapo pini inakuwa na 2 mm kati yake na msuka, na 3 mm kati yake na uso wa mpini. Ukiisogeza nje kidogo tu, utakapopunguza mpini kwa msasa spoki itachungulia, na hakuna namna ya kuirudisha ndani. Pia pini ya chini isikae kwenye mstari wa katikati: isogeze 2 mm upande mmoja. Zikiwa kwenye mstari mmoja, spesa inaingia hata ikigeuzwa mgongo, na utakuja kushangaa kwa nini jana viungo vilifunga na leo vina mwanga.

Usitoboe kila kipande kwa kukadiria. Tengeneza kiolezo: kipande cha faibaglasi chenye tundu la msuka na matundu mawili ya pini, kilichotobolewa kwa drili ya kusimama. Kata pia msuka bandia kutoka ubapa wa chuma wenye unene uleule. Kiolezo, noleo, spesa na pembe vyote vinavaa msuka bandia, kwa hiyo matundu ya pini yanatokea mahali pamoja. Tundu la noleo ndilo la kubana kweli: toboa safu ya matundu ya 3.5 mm, unganisha kwa tupa bapa, jaribu kila baada ya mapigo machache. Mwanya ukionekana hapo utaonekana maisha yote, na maji ya sinki yatapita hapohapo. Kwenye mpingo tundu la msuka huwa pana zaidi, nusu milimita hadi moja kila upande, hivyo kiolezo kishikwe kwa tone la supaglu kikiwa sawa na mstari wa katikati, kisha kibanduliwe.

Kina cha matundu: 4 mm tu kwenye noleo, kutoka nyuma, yasitokeze mbele, spesa na pembe yapite moja kwa moja, mpingo 12 mm. Jumla ni 29.2 mm. Pini ikatwe 27 mm na ncha zake ziviringwe kwa tupa. Pini ya 30 mm itagota chini na kuacha ufa mwembamba kwenye kiungo, nawe utabana klampu hadi pembe ipasuke ukidhani tatizo ni klampu.

Nyuso zinazokutana zisuguliwe juu ya kioo kilichobandikwa msasa namba 120, kisha zishikwe pamoja na kutazamwa dhidi ya mwanga. Usiendelee hadi kung'aa. Gundi inataka mikwaruzo. Uso wa mbele wa noleo ni kinyume: umalize kabisa sasa, hadi namba 600, kwa sababu baada ya gundi bapa la kisu litakuzuia kuufikia.

Siku ya gundi tumia epoksi ya kukauka taratibu, ya saa 24. Ile ya dakika tano haina subira ya vipande vitano, na supaglu huvunjika kirahisi mno kwa kisu kinachoanguka sakafuni. Funga bapa kwa tepu. Piga mikato midogo kwenye msuka kwa grenda ili gundi ipate meno. Futa shaba na msuka kwa asetoni. Mpingo nao, dakika chache kabla ya kupaka, maana una mafuta yake. Joto la Dar es Salaam huharakisha epoksi, kwa hiyo changanya kidogo na uitandaze kwenye kigae badala ya kuirundika kikombeni, inakojipasha moto yenyewe. Jaza tundu la mpingo kwanza, kisha shusha msuka polepole huku ukiupandisha na kuushusha, hewa itoke. Hewa iliyonaswa chini husukuma mpini nje usiku ukiwa umelala. Kaza klampu kiasi cha gundi kuchungulia pande zote, basi. Ukikaza kupita hapo unaikamua yote. Tazama kutoka mgongoni mwa kisu kama mpini umenyooka, kisha futa gundi mbele ya noleo kwa kitambaa chenye spiriti kidogo.

Kwenye kuchonga, adui ni joto. Shaba ikisuguliwa kwa mashine hupata moto haraka, na epoksi nyingi za kawaida huanza kulegea kati ya nyuzi 60 na 80 za Selsiasi. Shika mpini kwa mkono mtupu. Ukikuchoma, chovya majini. Hatua za mwisho fanya kwa msasa uliozungushwa kwenye kipande cha mti mgumu. Kidole kinachimba pembe na mpingo na kuacha shaba imesimama kama kizingiti.

Ukitumia mninga badala ya pembe, usifute viungo vya mpini uliokwisha kugundishwa kwa asetoni au spiriti baada ya kusugua. Rangi nyeusi ya mpingo huyeyuka na kuingia kwenye vinyweleo vya mninga, haitoki. Puliza vumbi, au lifute kwa brashi kavu kutoka kwenye mninga kuelekea kwenye mpingo.