Kabla hujapaka gundi kwenye mpira wa mlango

Gari la zamani likishapigwa rangi, kila mtu anataka kuliona barabarani, mwenye gari kuliko wote. Hapo ndipo vijana wengi wanapoharibu. Mipira ya milango na vioo, ile ya kuzuia maji na vumbi, inawekwa mwisho, basi wanaichukulia kama kazi ya jioni moja. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Volkswagen Beetle ya kwanza niliyoimaliza hapa Tabora, mpira wa mlango wa kulia tuliukosa, tukanunua ule wa kukatwa kwa mita. Kufika mwisho nikaona umepungua kama vidole viwili. Nikauvuta. Ukafika, ukashika, nikajisifu. Hiyo ilikuwa Septemba. Mpira uliovutwa hurudi taratibu kwenye urefu wake. Mvua za Novemba zilipoanza, maungio yalikuwa yameshaachana, na kwa kuwa niliyaweka juu ya mlango, maji yalimdondokea mwenye gari begani. Siku hizi nauacha uzidi kama sentimita moja, nausukuma uingie kwa kujibana, na maungio nayaweka chini.

Kosa kubwa zaidi huanza kabla ya mpira. Mpira hauponyi mlango uliopinda. Funga mlango mtupu kwanza, tazama nafasi kuanzia juu hadi chini. Kisha shikiza mpira kwa selotepu tu, paka chaki ukingo wa fremu, funga polepole, fungua. Ambapo chaki haikuhamia, mpira haugusi. Rekebisha bawaba au komeo. Usikimbilie mpira mnene zaidi. Mpira mnene unamlazimisha mtu abamize mlango, na huko kubamiza kutaipasua puti, ile ya kusawazisha bati, uliyoisugua wiki nzima.

Gundi ya viatu inafaa. Futa mpira kwa spiriti, paka pande zote mbili, mpira na bati, ngoja hadi isinate kidoleni ndipo ubandike. Jua letu linaikausha haraka mno, kwa hiyo nenda kipande kwa kipande, asubuhi, chini ya mwembe.

Kioo cha mbele kinataka watu wawili wanaoelewana. Mpira uvishe kwenye kioo kwanza, na ule utepe wa kromu uingize hapo hapo, kioo kikiwa bado mezani. Ukishakifunga kwenye gari, kuuingiza utepe ni mateso, na unapindika. Zungushia kamba laini kwenye mfereji wa nje wa mpira, ncha zipishane chini katikati, nyunyizia maji ya sabuni. Mmoja nje anasukuma kwa kiganja, mwingine ndani anavuta kamba, na mdomo wa mpira unaruka ukingo wa bati wenyewe. Kikikataa, toa uanze upya. Ukikipiga ngumi kitapasuka. Grisi na oili weka mbali, zinavimbisha mpira.

Ukimaliza usingoje masika ndiyo ujue. Lipeleke gari barabara ya vumbi, ufuate lori kwa kilomita kadhaa, halafu fungua milango. Vumbi litakuwa limechora mstari pale lilipopenya. Ila yale matundu madogo chini ya mlango usiyazibe hata kama yanaingiza vumbi. Maji yanayoteremka pembeni ya kioo cha mlango hutokea humo, na mlango ulioufunga matundu huoza kuanzia ndani, chini ya rangi yako mpya.