Mkondo A na vishikwambi, Mkondo B na ubao

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Biolojia kidato cha pili mkoani Morogoro, na naandaa utafiti wa shahada ya uzamili. Mkondo A watajifunza usanisinuru kwa video za kwenye vishikwambi, Mkondo B kwa ubao, kisha nilinganishe alama. Msimamizi ameandika pembeni: “Nadharia iko wapi?” Nimemwongeza Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kirusi, sura ya pili, bado hajaridhika. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msimamizi wako ana haki. Mkondo A wakiongoza, wewe utasema ni kishikwambi; mimi nitasema ni video iliyopangwa vizuri kuliko somo la ubaoni, au hamu ya kitu kipya, au kwamba A walichaguliwa kwa ufaulu tangu mwanzo, kama zinavyofanya shule nyingi. Hutakuwa na cha kunijibu. Richard Clark, mtafiti wa elimu wa Marekani, alilisema hili mwaka 1983: lori linaloleta chakula silo linalompa mlaji afya; kifaa ni lori, somo ndilo chakula. Mtafiti mwenzake Robert Kozma alimpinga, na mjadala wao usome wote, ila kwa swali lako mimi niko na Clark.

Tazama Kisumu, Kenya. Mradi wa PRIMR, wa kuboresha usomaji na hisabati katika shule za msingi, uliwapa vishikwambi maofisa wanaotembelea walimu katika kundi moja, walimu wenyewe katika la pili, na wanafunzi wakapewa visomeo vya kielektroniki katika la tatu. Matokeo yalichapishwa 2016. Makundi yote yalizipita shule zilizokuwa nje ya mradi, lakini kumpa mtoto kifaa hakukuonyesha faida ya wazi kuliko kumpa ofisa.

Sasa Vygotsky. Kama unaamini mtoto hupanda kwa mazungumzo na aliyemtangulia kidogo, basi data yako ni hayo mazungumzo. Wape wote video ileile. Nusu ya kila mkondo watazame mmoja mmoja. Nusu wakae wawili wawili, video isimamishwe kabla ya jibu, wabishane. Rekodi, kisha andika neno kwa neno. Msikilize anayesisitiza kwamba mmea hupata chakula chake udongoni, na uone ni neno gani la mwenzake linalomtikisa. Wakihama kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, waache, maana hapo ndipo wanafikiri kwa sauti.

Wagawe kwa kura, wala usiwaache wakae na marafiki zao. Fanya jaribio la awali, na rudia jaribio baada ya wiki kadhaa, kwani alama za kesho yake hudanganya. Ridhaa ya wazazi iombe kabla hujawasha kinasa sauti.