Hesabu Fedha Kwanza, Ndipo Usome Mapenzi

Mara ya kwanza nilipokishika kitabu cha Pride and Prejudice, riwaya ya Mwingereza Jane Austen, nilikiacha kabla ya kufika sura ya kumi, kwa kuwa sikuona ndani yake ila watu wenye nafasi wakitembeleana, wakinywa chai na kucheza dansi. Miaka kadhaa baadaye nilikirudia nikiwa na penseli mkononi, na safari hii nikawa napiga mstari kila palipotajwa fedha. Hapo ndipo nilipokielewa. Bwana Bennet ana pato la pauni 2,000 kwa mwaka na mabinti watano, lakini nyumba na ardhi yake vimefungwa kisheria virithiwe na mwanamume wa ukoo, Bwana Collins. Bwana Darcy naye hajamaliza dakika tano ukumbini, watu wameshanong'onezana kwamba anapata pauni 10,000 kwa mwaka. Kumbe chai yote ile ilizunguka swali moja tu: baba akifa, wasichana hawa watakaa wapi?

Kwa hiyo, yeyote anayetaka kuzionja riwaya za mapenzi za Uingereza ya enzi ya Regency, yaani miaka ya 1811 hadi 1820, namshauri ahesabu fedha kwanza. Mtazame Charlotte Lucas, mwenye miaka 27 na asiye na mali, ambaye anaikubali posa ya Collins siku chache tu baada ya rafiki yake Elizabeth, mmoja wa mabinti wa Bennet, kumkataa bwana huyohuyo. Nilipokuwa kijana nilimdharau kabisa. Niliposoma tena niliona jambo dogo lililonipita: baada ya ndoa, Charlotte amechagua kukaa katika chumba cha nyuma kisichopendeza, kwa sababu kingekuwa kizuri mumewe angeshinda humo, na tena anamhimiza sana mumewe ashughulike na bustani. Huyo si mjinga. Ni mtu aliyenunua paa la nyumba na sasa anajua namna ya kuishi chini yake.

Jane Austen hakuyaandika hayo kwa kubahatisha. Mwaka 1802 aliposwa na kijana mwenye urithi mkubwa, akakubali jioni, na asubuhi yake akalirudisha neno lake. Hakuolewa kamwe, na haki ya kuchapisha Pride and Prejudice, kilichotoka mwaka 1813 bila jina lake, aliiuza kwa pauni 110.

Kuhusu masimulizi mapya yanayotokana na riwaya hizi, kipimo changu ni kimoja: mwandishi ameweka nini mahali pa kile kizuizi cha zamani cha fedha? Filamu ya Clueless ya mwaka 1995 inaipeleka Emma, riwaya nyingine ya Austen, kwa wanafunzi wa Beverly Hills, Marekani, na inafaulu kwa sababu hata katika kitabu Emma hana shida ya fedha. Kinachomponza ni kujiona anajua mioyo ya wenzake. Ayesha at Last cha Uzma Jalaluddin, cha mwaka 2018, kinaisimulia upya Pride and Prejudice na kuwaweka wahusika wake miongoni mwa Waislamu wa Toronto, Kanada, ambako wazazi bado wana neno katika ndoa, na msomaji aliyewahi kuketi katika kikao cha posa hatahitaji maelezo. Tamthilia ya Bridgerton, inayosimulia enzi hiyohiyo ya Regency, niliitazama kwa pupa, sikatai, ila nguo zake zilinikaa kichwani kuliko hofu za watu wake.

Ukiniuliza uanze na kipi, na hasa kama umeshapita ujana, nitakwambia Persuasion cha Austen, kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1817, miezi michache baada ya yeye kufariki. Anne Elliot alishawishiwa akiwa na miaka 19 amkatae afisa wa jeshi la majini asiye na mali, na miaka minane baadaye mtu huyo anarudi akiwa tajiri. Kiingereza chake ni cha kale, kwa hiyo usisimame kwenye kila neno gumu. Soma kwa sauti, na sentensi ndefu zitajifungua zenyewe. Ukifika sura ya 23, punguza mwendo. Anne anazungumza na mtu mwingine dirishani kuhusu nani hupenda kwa muda mrefu zaidi, na upande wa pili wa chumba, Kapteni Wentworth, yule afisa aliyekataliwa, anayeandika barua, anadondosha kalamu.