Mgeni Namuuliza Njaa Kwanza

Swali lenu la wiki hii linasema: "Mgeni akikutembelea mjini kwako, unampeleka kula wapi, na kwa nini hapo?" Mimi ni wakala wa forodha Kampala. Wateja wangu hutoka Mombasa, Dar es Salaam, Goma na Bukavu, na wakishamaliza kuuliza habari za mzigo huuliza habari za chakula. Kwa hiyo swali hili kwangu ni la kikazi kabisa.

Jibu langu ni kwamba mgeni simpeleki kwenye hoteli yenye jina. Naangalia saa, kisha namuuliza ana njaa kiasi gani. Kampala ina chakula cha kila namna, ila si kila saa, na kinachoharibu mlo katika mji huu mara nyingi si mapishi. Ni kungoja.

Hoteli zetu ni za aina mbili. Zipo ambazo chakula kimeiva kabla hujaingia mlangoni, na zipo ambazo mpishi huanza kumenya kitunguu baada ya wewe kuagiza. Hizi za pili utazitambua kwa menyu yake nene: piza, biriani, samaki, tambi za Kichina, mishikaki, vyote vinatoka jiko moja lenye watu wawili. Mtu aliyekesha mpakani Malaba akilinda mzigo wake, ukimketisha hapo saa saba mchana, saa nane atakuwa ameanza kutafuna vijiti vya meno. Na mhudumu atakuambia "dakika tano tu" kwa tabasamu zuri sana, usiweze hata kukasirika.

Basi mchana nawapeleka kwenye chakula cha Kiganda, katikati ya mji au Wandegeya. Utaratibu wake huwachanganya wageni. Unachoagiza na kulipia ni mchuzi: kuku, nyama, samaki, maharage au karanga. Matoke, posho (ndiyo ugali), wali, mhogo, viazi vitamu, boga na magimbi huja vyenyewe, kidogo kidogo cha kila kimoja, mpaka ukataze. Mama mmoja wa Mombasa, mteja wangu wa nguo, aliagiza kuku akitarajia kuku na wali. Mhudumu akapiga goti akamnawisha kwa jagi na beseni, kisha akatua sahani iliyojaa mpaka ukingoni.

"Mwanangu, hii ni ya watu wangapi?"

"Ni yako, nnyabo. Mchuzi unakuja."

Alikula boga lote na mhogo wote, matoke akayaonja kwa heshima. Sijamlaumu. Matoke ni chakula cha kuzoea, na mtu wa pwani huyatarajia yawe na nazi. Lakini yakiwa yamepikwa sawasawa ni kazi ya ufundi: ndizi mbichi zinamenywa, zinafungwa kwenye majani ya mgomba, zinapikwa kwa mvuke, kisha zinafinywa kwa mikono zikiwa ndani ya majani hayohayo na kurudishwa kwenye moto mdogo. Hoteli inayoharakisha hapo inakupa kitu kigumu chenye mabonge.

Akiwepo mgeni wa kumheshimu zaidi, namwagizia luwombo. Jani changa la mgomba hubabuliwa kwenye moto mpaka lilegee lisipasuke, uti wake wa kati hukwanguliwa, halafu ndani huwekwa nyama au kuku aliyepitishwa kwanza kwenye moto wa makaa, pamoja na mchuzi wake au karanga za kusaga. Jani hufungwa kwa kamba ya mgomba na kuwekwa juu ya mvuke kwa saa kadhaa. Masimulizi ya Buganda huihusisha luwombo na jiko la Kabaka (mfalme) Mwanga, mwaka 1887. Inaletwa mezani ikiwa bado imefungwa, na mgeni ndiye anayefungua. Mvuke unaotoka hapo una harufu ya moshi na jani bichi kwa pamoja. Hata yule anayezungumza na simu huikata. Ila wahi kabla ya saa nane. Hupikwa asubuhi kwa idadi, zikiisha zimeisha, na ukiambiwa jioni kwamba ipo, uliza ilipikwa lini.

Mgeni Mwislamu nina njia mbili za uhakika. Ijumaa baada ya swala ni Old Kampala, karibu na msikiti mkuu wa taifa, ambako pilau huwa tayari watu wanapotoka msikitini. Siku nyingine ni Kisenyi kwa Wasomali: unaanza na supu, kisha wali wenye viungo na nyama ya mbuzi, ndizi mbivu pembeni na pilipili ya kijani ambayo watu wa Goma hudhani wataiweza. Ndizi ile wageni wengi huiacha iwe ya mwisho, kama tunda. Si hivyo; unaikata kata ukaila pamoja na wali. Chakula kimeiva tangu asubuhi, kinaletwa kabla hujamaliza kunawa, na hakuna anayekuuliza kama utakunywa bia. Kwingineko mjini uliza mapema, kwa sababu Kampala inapenda nyama ya nguruwe kupita kiasi, na kitimoto huchomwa hadharani katika vitongoji vingi.

Wakongo wangu hawana shida. Upande wa Katwe na Makindye watapata sombe (ndiyo kisamvu) na fufu (ugali wa mhogo), na watanilalamikia tu kwamba mafuta ya mawese hayatoshi.

Jioni mambo hubadilika. Njaa imepungua, mgeni ameoga, anataka kukaa na kuzungumza. Hapo naweza kumpeleka Kabalagala kwa Wahabeshi. Injera, mkate wao mpana mwembamba, inakuja kwenye sinia moja pana, michuzi imemwagwa juu yake mafungumafungu, na nyote mnakula hapo hapo kwa mkono wa kulia. Kwa biashara sijaona meza bora: watu wawili waliokuwa wakivutana juu ya gharama za ghala mchana huona taabu kuvutana wakiwa wanamega injera moja. Jumatano na Ijumaa Wakristo wa Orthodoksi wa Ethiopia hufunga nyama, kwa hiyo siku hizo mchanganyiko wa dengu, kabichi na mboga huwa wa kutosha na umepikwa kwa makini. Kahawa agiza mapema. Wanaweza kuikaanga mbichi mbele yenu, na hiyo ni ngoja nyingine, lakini ya raha.

Kwa Wahindi, Nakasero na Kololo, huwa napita haraka. Si kwamba hawajui kupika. Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke mwaka 1972; waliorudi baadaye, na wengine waliokuja wapya, wameujaza mji hoteli nzuri, za wala nyama na za wasiokula. Lakini mtu wa Mombasa au Dar amekula biriani na bhajia tangu utoto, na hakusafiri kuja kula vya kwao. Namwachia mgeni asiyekula nyama, maana huko kwingine mboga ni nakati na maharage.

Mahali pekee ninapokubali kungoja kwa hiari ni Ggaba, kwenye ufuo wa ziwa Nalubaale (ndilo Victoria), kilomita kama 10 kutoka katikati ya mji. Unachagua ngege mzima, yule ambaye Watanzania humwita sato, mnapatana bei kwa ukubwa wake, kisha anaparwa, anachanjwa mbavuni na kutumbukizwa kwenye mafuta. Nusu saa, saa nzima, haijalishi. Kuna maboti ya kutazama na upepo. Nenda Jumapili mchana. Siku ya kazi jamu ya barabara ya Ggaba jioni itakula muda wote ambao samaki angeula.

Mnasema pia "kwa nini". Kwa sababu mwenyeji ndiye anayelipa, na mimi napenda kujua nalipa nini. Kwenye hoteli za ghorofa za juu, zenye taa za rangi na mandhari ya vilima, soma maandishi madogo chini ya menyu: zipo zinazojumlisha kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, baada ya bei uliyoiona, na ada ya huduma juu yake. Vijana wa wateja wangu huzipenda kwa ajili ya picha, na siwanyimi. Ila tunasimama kwanza Wandegeya, kila mtu anapata roleksi yake, chapati na mayai mawili, nyanya na kabichi ndani, chini ya shilingi 5,000, imekunjwa mbele ya macho yake kwa dakika chache. Wakifika juu huagiza sharubati tu.